Bani la Tumbaku Lililogeuzwa Nyumba ya Picha: Uchambuzi wa Kisa

## Kisa kwa ufupi

Katika kijiji kimoja cha ukanda wa tumbaku wa Tabora, mabani mawili ya matofali (majengo ya kukaushia tumbaku) yaliyokaa bila kazi yaligeuzwa kuwa nyumba ya kuonyeshea picha za mpiga picha aliyefanya kazi hapo hapo kijijini. Kazi ya mwaka wa kwanza nusura iangamize picha zenyewe. Mwaka wa pili sehemu kubwa ilivunjwa na kuanzwa upya. Mwaka wa tatu jengo lilianza kufanya kazi iliyokusudiwa.

Jina la kijiji, la chama cha msingi cha ushirika na la familia ya mpiga picha yameondolewa, na miaka ya mradi inatajwa kwa namba tu. Wahusika wanatajwa kwa kazi zao.

## Jengo na kazi yake ya kwanza

Tumbaku inayolimwa sehemu hizo ni ya mvuke. Tofauti yake na ya moshi ni kwamba moto unawashwa nje ya bani, joto linapita ndani ya mabomba ya bati yaliyolazwa juu ya sakafu, na moshi unatoka kwa dohani bila kugusa jani. Jani linageuzwa njano katika joto la nyuzi 35 hadi 38, rangi inashikizwa joto likiendelea kupandishwa polepole, na mwisho kikonyo kinakaushwa karibu na nyuzi 70. Zoezi zima huchukua siku tano hadi saba. Ili hayo yawezekane, bani halina madirisha. Lina mlango mmoja, matundu ya hewa chini ya kuta, na mwanya wa kufungua na kufunga kwenye paji la paa. Hewa baridi inaingia chini, inapata joto, inabeba unyevu wa majani na kutokea juu.

Haya mawili yalishikana ukuta mmoja. Kila moja lilikuwa na upana wa mita 6 kwa 6 na kuta za mita 5 na nusu kwenda juu, matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa tope, unene wa tofali moja na nusu. Ndani mirunda ilipita kutoka ukuta hadi ukuta kwa ngazi tano, mahali pa kutundikia fito zenye majani. Nyuma kulikuwa na chumba kilichochimbwa nusu mita chini ya usawa wa ardhi: cha kulainishia. Jani likitoka bani huvunjika kama papadi, kwa hiyo lazima lilale kwenye hewa ya unyevunyevu kabla ya kuguswa. Pembeni kulikuwa na banda refu la kupangia madaraja ya ubora wa jani, lenye meza za mbao na uwazi mpana upande wa kusini ili wapangaji waone rangi ya jani bila jua la moja kwa moja.

Shamba lilikuwa la mlowezi, likaja mikononi mwa ushirika. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, mabani yalibaki kama mali isiyo na mwenyewe. Wakulima walikuwa na mabani yao madogo ya miti na udongo majumbani, karibu na kuni, na hakuna aliyekuwa na haja ya kubeba majani kilomita tatu. Ushirika uliporudi, chama cha msingi kilikabidhiwa jengo pamoja na deni la kulitunza. Kwa nyakati tofauti likawa zizi la mbuzi, ghala la mahindi ya shule, kisha likafungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea.

## Picha

Mpiga picha alifungua studio kwenye kituo cha biashara mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea hadi maabara za rangi za mjini zilipomnyang'anya wateja katika miaka ya 1990. Alitumia zaidi filamu pana ya mraba, nyeusi na nyeupe, na alisafisha mwenyewe katika chumba cha giza nyuma ya duka. Alipofariki, familia ilibaki na negativu (vipande vya filamu iliyosafishwa) zipatazo 2,100 katika makopo ya biskuti na maboksi ya karatasi za picha, nakala 640 za karatasi ambazo wenyewe hawakuzifuata, na madaftari manne ya studio.

Madaftari hayo yakumbukwe. Kila ukurasa una namba ya filamu, namba ya fremu (pigo moja la picha ndani ya filamu), jina la mteja, ukubwa wa picha na fedha iliyolipwa. Kikundi cha mradi kiliyaona siku ya kwanza, kikayafunga tena kwenye mfuko wa rambo kwa sababu si picha.

## Mwaka wa kwanza

Kamati ya watu saba iliundwa: wawili wa chama cha msingi, wawili wa familia, mwalimu wa sekondari, fundi mwashi, na mtendaji wa kijiji. Fedha zilitoka kwenye michango na ruzuku ndogo. Thuluthi mbili ya fedha hizo iliishia kwenye kuta.

Kazi ilianza Juni, na hilo lilikuwa jambo jema: kiangazi kinatoa miezi mitano ya kufanya kazi bila mvua. Samadi iliondolewa. Mabomba ya bati yalikatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kuta zilipakwa chokaa mikono miwili. Baada ya wiki tatu madoa ya rangi ya chai yalijitokeza, kwanza usawa wa mabomba yalipokuwa, kisha kote. Mkono wa tatu wa chokaa ukafuata, na madoa yakarudi.

Katika bani la pili fundi alishauri lipu ya saruji ili kumaliza tatizo. Yakafunguliwa pia madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2 upande wa magharibi, maana jengo lilionekana lina giza mno.

Picha halisi 41 zilitiwa kwenye fremu za sokoni. Kioo kiligusana na uso wa picha moja kwa moja, na nyuma iliwekwa kadi ya kahawia iliyobandikwa kwa gundi ya utepe. Fremu zilipigiliwa misumari ukutani. Zilizobaki, pamoja na negativu zote, ziliwekwa kwenye chumba cha kulainishia kwa sababu ndicho kilichokuwa baridi kuliko vyote. Kwa jicho la kawaida huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Mvua zilianza Novemba. Kufikia Machi hali ilikuwa hivi:

- Picha 9 zilikuwa zimenata kwenye vioo.
- Picha za rangi zilizokuwa mkabala na madirisha zilikuwa zimepauka kiasi cha kuonekana kwa macho, hasa nyekundu.
- Lipu ya saruji ilikuwa imepasuka na kubinuka chini ya kuta, na tope la maungio nyuma yake lilikuwa limelowa.
- Makopo matatu ya negativu katika chumba cha kulainishia yalikuwa na ukungu mweupe, na moja lilitoa harufu kali ya siki.
- Popo walikuwa wamerudi kwenye kenchi, na mkojo wao ulikuwa umechora mistari juu ya vioo.

## Kwa nini yalitokea

Madoa ya chai hayakuwa uchafu wa juu. Misimu mingi ya kukausha ilikuwa imesukuma mvuke wenye lami na nikotini ndani ya vinyweleo vya tofali, na mabomba yaliyotoboka yaliongeza masizi. Nikotini na sehemu ya lami huyeyuka kwa maji. Chokaa hupakwa ikiwa na maji, kwa hiyo kila mkono uliopakwa ulivuta lami kutoka ndani na kuileta juu ulipokuwa unakauka. Mikono kumi ingefanya vivyo hivyo. Kuna kipimo cha dakika moja: lowesha pamba, ibandike ukutani kwa nusu dakika, itazame. Ikitoka kahawia, usipake kitu chochote cha maji.

Saruji ina kosa lingine. Ukuta wa matofali laini na tope unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa uso wake wote. Ukiufunika kwa saruji upande mmoja, unyevu unatafuta njia nyingine au unabaki ndani na kulainisha tope. Lipu inaonekana imara ilhali kilicho nyuma yake kinaoza. Lipu ya udongo au ya chokaa na mchanga ingepumua. Kwa ukuta wenye lami hata hiyo isingefaa kwa rangi yake, lakini isingeudhuru ukuta.

Kunata kwa picha ni suala la jelatini. Uso wa picha ya karatasi ni utando wa jelatini, na jelatini hulainika unyevu wa hewa unapopanda. Ikiwa imegusana na kioo hugeuka gundi. Ndiyo maana kwenye fremu huwekwa kadi yenye dirisha kati ya picha na kioo: urembo wake ni wa ziada, kazi yake ni kuacha nafasi ya milimita mbili au zaidi.

Rangi: picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zina udhaifu wa aina mbili usiofanana. Gizani, hata kwenye albamu, rangi ya samawati ndiyo hutangulia kufifia na picha inageuka nyekundu. Mwangani mara nyingi nyekundu ndiyo hutangulia. Jua la saa kumi alasiri likiingia dirishani ni makumi ya maelfu ya laksi (kipimo cha mwanga), wakati picha za rangi zinapaswa kupewa 50. Uharibifu wa mwanga hujumlishwa na haurudi nyuma. Laksi 50 kwa saa 8 kwa siku 300 ni laksi-saa 120,000 kwa mwaka. Jua la moja kwa moja linazifikisha kwa saa chache tu.

Kuhusu chumba cha kulainishia, kilichimbwa ili kishike unyevu. Kilifanya kazi yake.

## Mwaka wa pili: kuvunja na kuanza upya

Kamati ilifunga jengo Aprili na kumwita mshauri wa utunzaji wa picha. Alitumia siku ya kwanza na wanawake wawili waliowahi kupanga madaraja kwenye shamba hilo, akiwauliza mlango upi ulifunguliwa lini na upepo ulitoka wapi. Kamati ililalamika kwamba analipwa kupiga soga. Ukweli ni kwamba alikuwa anasoma mwongozo wa matumizi ya jengo, nao uliishi vichwani mwa hao wawili.

Kuokoa picha zilizonata. Hakuna iliyovutwa. Picha nyeusi na nyeupe zisizo na ukungu wala rangi ya mkono zililowekwa pamoja na kioo katika maji safi ya baridi hadi zikaachia zenyewe. Nne zilitoka hivyo na kukaushwa zikitazama juu. Tano zilizobaki, tatu za rangi na mbili zenye ukungu, hazikuguswa. Ukungu hula jelatini na kuifanya iyeyuke majini, na kuiloweka picha ya namna hiyo ni kuisafisha hadi karatasi ibaki nyeupe. Zilipigwa picha zikiwa kwenye vioo vyao na kuhifadhiwa hivyo hivyo.

Kuhamisha hifadhi. Negativu zilipelekwa kwenye kabati la chuma katika ofisi ya shule, chumba kikavu chenye dari. Zile zenye harufu ya siki zilitengwa kwanza: filamu ya asetati (aina ya plastiki) ikianza kuoza hutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwa jirani zake. Kila negativu iliingia kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kwa kuwa mifuko ya plastiki laini hutoa kemikali na kunata. Ndani ya kabati iliwekwa jeli ya silika, chembe za kunyonya unyevu, inayobadilika rangi inaposhiba. Ikishiba inatiwa kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa, kisha inarudi kazini. Mtu mmoja alipendekeza mchele badala yake. Mchele haunyonyi kiasi cha maana, unatoa vumbi la wanga na unaita mende, na mende ni walaji wakubwa wa jelatini.

Kuta. Madirisha yalizibwa kwa matofali na tope. Lipu ya saruji ilitolewa kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa sururu, maana tofali laini hutoka na lipu. Uamuzi mkubwa ulikuwa kuacha kuta kama zilivyo, nyeusi na kahawia. Zilisafishwa kwa njia kavu tu, kwa brashi laini na sponji kavu ya mpira, wafanyakazi wakiwa na glavu na barakoa kwa sababu nikotini hupenya ngozini, hasa ikilowa jasho.

Kutundika. Mirunda mitatu ya ngazi ya chini, iliyokuwa imekusudiwa kukatwa kuni, ilikaguliwa kwa kugongwa na kuchomwa ncha ya kisu. Miwili ilikuwa mizima, mmoja umeliwa na mchwa kwenye ncha iliyoingia ukutani ukabadilishwa. Mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeupe zilitundikwa kutoka kwenye mirunda hiyo kwa waya wa chuma cha pua, zikaachwa sentimita 10 kutoka ukutani. Fremu zinakaa kwenye mbao, hivyo lami haigusani na kitu na hewa inapita nyuma. Katikati ya kila picha ni mita 1.45 kutoka sakafuni. Kila fremu inashikwa kwa ndoano mbili, maana ya ndoano moja hupinda kila mlango unapofungwa.

Hewa. Mwanya wa paa ulikarabatiwa na kuwekewa wavu wa milimita 6 unaozuia popo. Matundu ya chini yaliwekewa wavu mwembamba wa mbu kwenye fremu za kutolewa, kwa sababu hujaa vumbi na lazima upigwe brashi kila wiki. Ukiachwa mwezi mzima hewa haipiti, na watu wataanza kulalamika kwamba jengo lina joto. Popo walitolewa kwa bomba la upande mmoja, linaloruhusu kutoka bila kurudi, na kazi hiyo ilisubiri hadi watoto wao walipoanza kuruka. Kuziba mapema kungewafungia ndani watoto wafe kwenye kenchi.

Ratiba ya kufungua mwanya na matundu ndiyo iliyowashinda watu wengi. Kipimaunyevu kimoja ndani, kimoja nje kivulini. Kosa la kawaida ni kulinganisha asilimia, badala ya joto ambalo hewa huanza kutoa umande: likiwa chini zaidi, hewa ni kavu zaidi. Alfajiri ya mvua, nje nyuzi 20 na unyevu asilimia 95: hewa hiyo huanza kutoa umande karibu na nyuzi 19. Ndani nyuzi 26 na asilimia 65: umande unaanzia karibu na 19 pia. Kufungua hapo hakukaushi chochote. Saa tisa alasiri mvua ikiwa imekatika, nje nyuzi 29 na asilimia 50: umande ni 17 na nusu. Hiyo ni hewa kavu zaidi ijapokuwa ina joto zaidi, na ndiyo saa ya kufungua. Jedwali la umande lilichapwa na kubandikwa mlangoni. Mlinzi anasoma namba nne, anapata jibu.

Nakala tu. Hakuna picha halisi inayotundikwa tena. Negativu zilipitishwa kwenye skana kwa pikseli 2,400 kwa inchi, faili za TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha). Picha za karatasi kwa 600. Kila faili ina namba tu, na maelezo yote yako kwenye orodha tofauti. Nakala tatu za faili zinatunzwa, moja nje ya kijiji. Za ukutani huchapwa mjini kwenye karatasi ya kawaida ya maabara na kubadilishwa zikifika miaka mitatu. Taa ni LED zinazoendeshwa na sola, zimeshushwa hadi laksi 100, na kwa kuwa ni nakala hata kosa la taa halimuumizi mtu.

## Picha ya wanandoa

Maonyesho yalifunguliwa upya Oktoba na nakala 36. Siku ya tatu alikuja mwanamume akitaka picha moja itolewe. Ilionyesha mwanamke wa gauni na mwanamume wa suti, wamesimama hatua moja mbali mbele ya pazia la minazi. Chini iliandikwa: Wanandoa, miaka ya 1980. Mwanamke alikuwa mama yake, yuko hai, na mwanamume hakuwa baba yake wala mtu aliyemjua.

Ilitolewa saa hiyo hiyo, jambo lililofanywa sawasawa. Kisha kamati ilianza kubishana kama familia inaficha jambo.

Aliyemaliza ubishi ni msaidizi wa zamani wa studio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa za nje ziliadimika na filamu ilipatikana kwa taabu. Wateja wawili wasiojuana waliwekwa ndani ya fremu moja, kila mmoja upande wake, na wakati wa kusafisha kila mmoja alikatiwa nusu yake. Hakuna aliyewahi kuiona picha nzima isipokuwa mpiga picha. Daftari la tatu lilitolewa kwenye mfuko wa rambo: fremu ile ina majina mawili, malipo mawili. Lilipopitiwa lote zilipatikana fremu 118 za namna hiyo, na nne kati ya hizo zilikuwa tayari ukutani.

Hapa ndipo skana ilipozidi ujuzi wa wanaoitumia. Iliona kila kilichokuwa kwenye negativu, ikaonyesha kama picha kitu ambacho mpiga picha hakukitoa kamwe kama picha.

## Kazi ya majina

Madaftari yalipigwa skana kabla ya picha nyingine yoyote. Halafu vikao vya utambuzi vikaanza, katika banda la kupangia madaraja. Mwanga wa kusini ulikuwa mzuri bila taa, meza zilikuwa za kimo cha kukaa, na wazee walikuja kwa wepesi kuliko walipoitwa ofisi ya kijiji. Waliofanya kazi hapo wakikaa kwenye meza zile walikumbuka nani alikaa wapi, na kutoka hapo nani aliolewa na nani.

Utaratibu uliofika mahali pa kufaa ulikuwa huu. Nakala nane kwa kikao, si zaidi, za ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Kila mzee anaonyeshwa peke yake kwanza, kisha kikundi. Ikianzwa na kikundi, anayesema kwanza ndiye anayetaja majina yote na wengine wanaitikia kwa heshima, hasa akiwa mkubwa kwa umri. Swali la kwanza haliwi "huyu ni nani?" bali "hapa pana nini?", kwani anayeanza kueleza nguo na mahali hufika kwenye jina mwenyewe. Majibu yanaandikwa kwa penseli laini kwenye kadi yenye namba. Kalamu ya wino haikaribishwi mezani.

Tarehe zilipatikana kwa vidokezo vilivyopangwa juu ya daftari. Studio ilikuwa na mapazia matatu kwa nyakati tatu. Kanga zenye maneno zilisaidia, wanawake wakikumbuka jina lilitoka lini. Beji ya TANU ni kabla ya Februari 1977, ya CCM ni baada. Suruali za bugaluu zilipotosha: kamati ilidhani haziwezi kuwa za baada ya Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita mavazi ya kigeni iliyotangazwa 1968, ilhali studio ndiyo mahali mtu alipovaa alichokatazwa barabarani.

Kila picha ikawekwa katika moja ya mafungu matatu: ya kutundika, ya kuonyeshwa familia tu, na ya kufungwa. Picha za maiti na za watoto wasiotambuliwa ziko katika fungu la tatu. Walio hai huombwa ridhaa kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa, jambo linaloendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hakimiliki ya picha iko kwa warithi wa mpiga picha. Mkataba wa ukurasa mmoja unaruhusu maonyesho na unakataza kuuza nakala bila wao.

## Matokeo

Kufikia mwisho wa mwaka wa tatu negativu 1,480 zilikuwa zimepitishwa kwenye skana na 560 zilikuwa na angalau jina moja lililothibitishwa na daftari au na wazee wawili waliohojiwa mbalimbali. Negativu 70 hivi zilipotea kwa ukungu na siki. Masika mawili yalipita bila unyevu ndani kuvuka asilimia 68, na hakuna nakala iliyonata. Nyumba inafunguliwa siku tatu kwa wiki. Wanaokuja wengi ni watu wanaotafuta sura ya mzazi. Wageni kutoka nje ni wachache, kinyume cha maombi ya ruzuku yalivyoahidi.

Mwanamke wa picha ya wanandoa alirudi mwenyewe na kuomba nusu yake. Alipewa bure, imekatwa pale pale mpiga picha alipokata.

## Tathmini

Kilichofanya kazi vizuri ni kuacha giza, mirunda na matundu yafanye yale yale yaliyojengewa. Jengo la kukausha bila madirisha ni bora kwa picha kuliko darasa au ofisi yoyote ya kijiji. Ni bahati ambayo kikundi kilikuwa kinailipia fedha kuiondoa. Kutundika kwenye mirunda kuligharimu sehemu ndogo ya kilichotumika kwenye lipu na madirisha.

Kuuza mabomba ni hasara isiyorudi. Bila mabomba mgeni haelewi bani linavyofanya kazi, na mchoro uliowekwa badala yake haumtoshi mtoto wa shule. Yangebaki walau ya bani moja.

Uamuzi wa nakala tu ulikosolewa na baadhi ya familia, walioona kwamba kitu halisi kina uzito wake. Hoja yao ina nguvu. Kwa jengo lisilo na mashine ya kudhibiti hewa, hata hivyo, nakala ndizo zinazowezekana, na picha halisi moja moja hutolewa kabatini siku za kiangazi kwa saa chache na kurudishwa.

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Kuta zingesubiri miaka kumi bila kubadilika. Wazee wasingesubiri: kati ya watu 14 walioorodheshwa mwanzo kuwa wanaijua studio, watatu walifariki kabla ya kikao cha kwanza, mmoja wao mpangaji madaraja aliyetajwa na wengine wote kuwa ndiye anayejua. Kama kazi ingeanza na madaftari na banda la pembeni, ambalo halikuhitaji tofali hata moja, picha ya wanandoa isingetundikwa, na negativu zingekuwa zinapita mikononi mwa watu kila wiki badala ya kulala kwenye chumba cha kulainishia msimu mzima wa mvua bila kufunguliwa.

Hadi sasa lipo jambo ambalo halijatatuliwa: fremu 118 za watu wawili. Kuzichapa zikiwa zimekatwa ni kufuata alivyotaka mpiga picha na wateja. Kuzichapa nzima ni kuonyesha jinsi studio ilivyoishi miaka ya uhaba, na kwa historia ya upigaji picha huenda ndizo zenye thamani kuliko zote. Kamati imezitia kwenye fungu la pili, na warithi wa pande zote mbili wanaombwa mmoja mmoja. Ridhaa kamili za pande mbili zimepatikana kwa fremu sita.